Wakala wa alama za biashara pale Posta: nyota tatu, moja ni ya kalamu ya kijani

Kwanza sisi sio kampuni jamani. Ni watu sita tunajitolea tu, tunatengeneza programu ya bure ya hesabu za vikoba, Jumamosi tunakutana kwa mwenzetu Sinza, umeme ukikatika tunahamia kibarazani. Programu iko wazi, anayetaka anaichukua anaibadilisha, ruksa. Sasa kuna mjanja kaichukua kaipachika matangazo ya mikopo ya chapchap, hilo sina neno, ila jina letu na nembo yetu kaviacha vilevile, basi akina mama wa Mbagala wakawa wanatupigia sisi, "nyie vijana mbona mnataka namba za ndugu zetu?"

Ndo tukaenda kwa huyu wakala. Ghorofa ya tatu, lifti mbovu, feni inapiga kelele kama pikipiki.

Alichokiweza ni upekuzi, hapo nampa zote. Alitutolea karatasi ya majina yanayokaribiana na letu, akayapitia moja moja na kalamu ya kijani, lililotushtua lilikuwa la sabuni, akacheka akasema majina yanasajiliwa kwa makundi ya bidhaa na huduma, sabuni ipo kundi la 3 na programu za kompyuta kundi la 9, msiogope. Akatueleza pia kwamba ombi likikubalika linatangazwa kwenye jarida, mwenye kinyongo ana siku 60 za kupinga, na ukishasajiliwa unakaa miaka 7 halafu ndo unahuisha kwa miaka 10. Na kitu ambacho mi sikujua kabisa, BRELA, wale wa serikali wanaosajili biashara na alama zake, ni Bara tu, Zanzibar unaenda kusajili kivyake kwa wenzao wa kule, BPRA.

Tatizo lilianzia kwenye fomu. Jina la mmiliki. Tukaangaliana. Sisi hata chama hatujasajili, na jina lazima liwe la mtu au taasisi inayotambulika. "Andikeni yeyote tu, mtabadilisha mbele ya safari," akamsogezea kalamu mweka hazina wetu, ambaye tena anahamia Mwanza mwaka huu! Hapo ndo nilipoona huyu bwana anajua fomu ila hali yetu sisi haijui, yaani kwa duka la mtu mmoja ushauri ule ni sawa, kwa watu wa kujitolea umeshapanda ugomvi. Watu wa Hudson, programu ya bure ya watengeneza programu, yaliwakuta hayohayo, wanaojitolea walikuwa wameijenga miaka ila kampuni ya Oracle wakasema jina ni letu, mwaka 2011 ikabidi wapige kura wajiite Jenkins, waanze kutambulishana upya.

Mwenzetu mmoja akabisha, na simlaumu, akasema tukisubiri yule wa mikopo atatuwahi. Kweli hata kwa Linux, ile programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, ilitokea, mwaka 1994 kuna mtu huko Marekani aliomba jina lisajiliwe kwake na baadaye akaanza kudai watu hela, mpaka 1997 ndo likarudi kwa Linus Torvalds aliyeianzisha. Tulibishana pale mbele ya wakala nusu saa nzima, ye anachezea simu.

Bei sasa. Alitaka laki nne kwa kundi la 9 na laki nne nyingine kwa kundi la 42, lile la huduma za kompyuta, ukimuuliza humo ada ya serikali ni ngapi na yake ngapi anakwambia "ni pakeji". Kundi la 42 la nini wakati sisi hatumuuzii mtu huduma yoyote? Hakujibu vizuri. Risiti ya mashine nimeiomba mara mbili.

Mwisho tumelipia upekuzi tu, tunasajili kwanza chama ndo kiwe mwenye jina, halafu kundi la 9 peke yake. Tutarudi kwake? Labda, kwa ajili ya ile kalamu ya kijani, ila safari hii fomu tunaenda nayo imeshajazwa.