Uzoefu wangu na That Dragon, Cancer: gemu nililocheza na mdogo wangu aliyefiwa

Nafundisha watoto wa Ekodimu, yaani shule ya Jumapili, katika kanisa letu hapa Majengo, Goma. Nyumbani nina kijana wa miaka 15, na ukimkosa baada ya masomo basi yuko kwenye chumba cha pleistesheni mtaani kwetu, analipia mechi moja moja huku wenzake wamejazana mlangoni wakishangilia. Kwa hiyo swali la kama gemu linaweza kubeba imani ya Kikristo sikulikuta vitabuni. Lilinikuta mezani, kati ya sahani ya bugali na madaftari ya hesabu. Mhubiri mmoja alikuja kutuhudumia katika mkesha, akasema gemu zote ni mlango wa shetani. Kesho yake mwanangu akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama na mimi ninaamini hivyo. Nilikosa la kumjibu, nikaona si haki kumjibu kabla sijakaa nikacheza mwenyewe.

Kwanza nilitafuta njia rahisi. Niliweka kwenye simu gemu la safina ya Nuhu nikawapa watoto wa darasa langu. Kila baada ya wanyama wawili tangazo linaruka katikati, na ukitaka twiga unaambiwa ununue sarafu. Nilipowauliza wamejifunza nini, msichana mmoja wa miaka saba akasema tembo ni ghali. Sikumlaumu. Alijibu sawasawa na alichofundishwa.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1991 kampuni ya Marekani iitwayo Wisdom Tree ilitoa Bible Adventures kwa mashine ya Nintendo, lenye hadithi tatu: safina ya Nuhu, mtoto Musa, na Daudi na Goliathi. Katika hadithi ya Musa unakuwa mwanamke anayemwokoa, unambeba mtoto juu ya kichwa ukiruka vizuizi, na kuna kitufe cha kumrusha. Ukifika mwisho bila mtoto, gemu linakusifu kwanza, kisha ndipo linakuambia kwamba umemsahau Musa. Mimi ni mama. Kitabu cha Kutoka kinasema mama yake Musa alimficha mwanawe miezi mitatu, kisha akapaka lami kisafina cha mafunjo. Kampuni hiyohiyo baadaye ilichukua injini, yaani programu inayoendesha gemu, ya Wolfenstein 3D, gemu la kuwapiga risasi askari wa Kinazi, ikaweka mbuzi mahali pa askari na chakula mahali pa risasi, ikaliita Super 3D Noah's Ark. Hapo ndipo nilipoanza kuona kasoro iko wapi. Jina la Biblia liko juu ya kasha, lakini mikono ya mtoto inafanya kazi ileile iliyokuwa ikifanya jana.

Mwanangu ndiye aliyenifungua macho kuhusu mikono. Alinionyesha Undertale, gemu la Toby Fox la mwaka 2015. Humo ukikutana na adui una kitufe cha kupigana, na una kitufe cha rehema, na unaweza kufika mwisho bila kumuua hata mmoja. Zile alama ulizokuwa ukizikusanya kwa furaha, baadaye unaambiwa zilikuwa kipimo cha maumivu uliyowasababishia wengine. Jina la Yesu halitajwi popote. Lakini nilimwona kijana wangu, ambaye nyumbani hawezi kumsamehe dada yake kwa kalamu, akirudia pambano moja zaidi ya mara kumi ili tu asimuue adui. Nikanyamaza nikamwangalia.

Basi tukaja kwenye That Dragon, Cancer, yaani "Lile Joka, Saratani", ambalo ndilo hasa nataka kulieleza. Limetengenezwa na Ryan na Amy Green, mume na mke Wakristo wa Marekani, pamoja na wenzao wachache. Mtoto wao Joel alikutwa na saratani ya ubongo akiwa na mwaka mmoja. Madaktari walihesabu miezi, Joel akaishi miaka, akafariki Machi 2014 akiwa na miaka 5. Walianza kulitengeneza gemu mtoto akiwa hai, hawajui litaishaje. Lilitoka tarehe 12 Januari 2016, siku ambayo Joel angetimiza miaka 7, na mwaka uliofuata likapewa tuzo ya ubunifu ya BAFTA huko Uingereza.

Kulipata hakukuwa rahisi. Tangu benki za hapa Goma zilipofunga milango Januari 2025, kulipia kitu cha nje kwa kadi ni safari. Kaka yetu aliyeko Kampala ndiye aliyenunua, nasi tukalipakua usiku kucha kwenye laptopu ya mwanangu, umeme ukikatika tunangoja, ukirudi tunaendelea.

Sikulicheza peke yangu. Mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja, alizika binti yake wa miaka minne mwaka jana. Homa ya uti wa mgongo, siku tatu, basi. Tulikesha tukiomba, korale (kwaya) nzima ilikuja, tulifunga. Kisha kwenye matanga, mtu mmoja mwenye Biblia mkononi akamwambia imani yake ilikuwa imepungua. Tangu siku hiyo mdogo wangu anakuja kanisani, anakaa benchi la nyuma, na anaondoka kabla ya baraka. Nilimwambia wazi gemu linahusu nini. Nilimwambia pia kwamba akitaka tutazima. Akakubali.

Unaanza ukiwa bata. Kweli, bata ziwani, na mtoto Joel anakurushia mkate. Unasikia kicheko chake, na hicho ni kicheko halisi cha Joel, wazazi wake walikirekodi. Watu wote katika gemu hili hawana macho wala midomo, nyuso zao ni bapa kama udongo ambao haujachorwa. Nilidhani jambo hilo litatuweka mbali nao. Ilikuwa kinyume, kwa sababu kila sura mdogo wangu aliijaza mwenyewe.

Kuna sehemu unasukuma kigari chekundu kwenye korido za hospitali kama mashindano ya magari, unakusanya vitu njiani, na ukimaliza unaorodheshewa ulichokusanya: ni dawa na matibabu ambayo mtoto aliyapitia. Kuna nyingine ambapo daktari anawaambia wazazi kwamba uvimbe umerudi. Chumbani kuna kile kidude cha watoto cha kutoa milio ya wanyama wa shambani. Kila ukikigeuza unaingia moyoni mwa mtu mwingine, baba, mama, daktari, unasikia anachokiwaza na hakisemi, huku mvua ikinyesha ndani ya chumba na maji yakipanda.

Lakini usiku wa kilio ndio sitausahau. Baba yuko peke yake na Joel wodini. Mtoto amekaukiwa na maji mwilini, analia, kila anachopewa kinatoka. Mdogo wangu ndiye alikuwa ameshika mausi. Akabofya juisi. Mtoto akatapika, kilio kikaongezeka. Akabofya kiti, kitanda, akajaribu kumbeba, akambembeleza. Hakuna lililosaidia. Akaniambia bila kunitazama, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, huyu mtoto iko na kiu." Nikamwambia ajaribu tena. Akaachia mausi, akaweka kiganja chake chote juu ya skrini, pale kichwa cha mtoto kilipo, kama unavyopima homa.

Nasi tukabaki hivyo. Gemu halikukupa cha kufanya. Gemu zote nilizozijua mpaka siku ile hunipa kitufe, na kitufe kikikosewa najaribu kingine, kwa maana jibu lipo mahali. Hili lilikufanya ukae. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema kabla hawajaharibu kwa maneno: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, wala hawakusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa sana. Nimefundisha habari hiyo miaka mingi na sikuwahi kuona watoto wakiielewa. Gemu hili linaiweka mwilini mwako.

Mwishowe baba anaomba, na mtoto anatulia. Kama lingeishia hapo ningeliita ushuhuda mzuri nikalisahau. Halikuishia hapo. Amy anaamini Mungu atamponya mwanawe, anaamini waziwazi, kama tunavyoamini sisi. Ryan anazama. Kuna bahari, mke yuko juu ndani ya mtumbwi, mume yuko chini majini, na wewe ndiye unayemwogelesha. Hakuna mmoja aliyefanywa mjinga kwa ajili ya mwingine. Karibu na mwisho unaingia katika kanisa kuu lenye mishumaa, unasikia watu wakiomba usiku wa mwisho wa Joel, wanamsihi Mungu amwinue. Ni mkesha, kama ule wa kwetu. Na Joel anakufa.

Mdogo wangu alisema jambo moja tu hapo: "Kumbe na hao waliomba."

Hilo ndilo jibu langu kwa mwanangu, na kwa mhubiri yule pia kama angeniuliza. Daudi alifunga na kulala chini siku saba kwa ajili ya mtoto wake, mtoto akafa, Daudi akainuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana. Biblia haisemi kwamba imani yake ilipungua. Katika mahubiri yetu mengi ya uponyaji sura hiyo inarukwa. Gemu hili halikuiruka, na limetengenezwa na watu walioishi ndani yake.

Kuna korido iliyojaa kadi, zimeandikwa na watu halisi kuhusu wapendwa wao waliougua na waliokufa. Unaweza kupita haraka. Sisi tulikaa humo karibu saa nzima, kwa sababu mdogo wangu hajui Kiingereza na alitaka nimtafsirie moja baada ya nyingine. Nadhani alifarijika zaidi hapo kuliko mahali pengine popote.

Nina malalamiko, na nayasema kwa sababu nalipenda gemu hili. Sauti ni za Kiingereza, na baba anasema kishairi, mara nyingine ilinibidi nirudie ndipo nielewe. Mara kadhaa hujui ubofye wapi, na katika hadithi nzito hivi kutafutatafuta kunakutoa machozi ya aina nyingine. Kubwa zaidi ni hospitali yenyewe. Joel ana chumba, ana mashine, ana madaktari wanaomrudia kwa miaka. Hapa kwetu vita vya mama mara nyingi ni vya kabla ya hapo: pikipiki usiku, pesa za kuanzia, kutafuta serumu (maji ya dripu) kwenye duka la dawa, kumpikia mgonjwa wako nje ya wodi. Binti yetu hakupewa muda wa joka. Ningetamani siku moja kijana wa Goma au Bukavu atengeneze gemu la mama wa hapa, kwa Kiswahili cha hapa, na sala zake za hapa. Hao Green wameonyesha kwamba inawezekana, na kwamba si lazima uwe kampuni kubwa.

Kwa anayetaka kulijaribu: ni kama saa mbili, kwetu lilikula jioni mbili. Laptopu yetu ni ya zamani na ililibeba. Tumieni hedifoni nzuri au spika, maana nusu ya gemu iko kwenye sauti. Usiwape watoto wadogo, darasa langu la Ekodimu sitawaonyesha kamwe. Na usimpe mtu aliyefiwa halafu ukaenda sokoni. Kaa naye. Mimi nalipa nyota nne na nusu kati ya tano.

Mwisho wake Joel yuko kwenye uwazi msituni, na mbwa, na chapati za maji zimerundikwa mlima mzima, anacheka. Unapuliza mapovu ya sabuni. Mdogo wangu alipuliza muda mrefu, gemu likamngoja. Kisha likaisha, akafunga laptopu taratibu, akatoa simu yake. Alikuwa na rekodi ya binti yake ambayo hajaifungua tangu matanga, mtoto anaoshwa kwenye beseni uani na kuku amemsogelea. Akaibonyeza. Kicheko kikajaa nyumba nzima.

Mwanangu akatoka chumbani, akauliza ni nani anacheka.

"Ni mdogo wako," mdogo wangu akamjibu.