DesktopOK imeniokolea foleni ya wateja, uzoefu wangu wa miezi minne

Habari za muda huu wakuu. Nina steshenari ndogo Morogoro, wateja wangu wengi ni wanachuo na watu wanaotafuta kazi, na kila kitu nafanyia kwenye laptopu moja ya Windows 10, skrini yake hizi za kawaida za pikseli 1366 kwa 768. Nataka niwaambie kuhusu programu inaitwa DesktopOK, inayokumbuka mahali ikoni zako zilipo kwenye desktopu na kuzirudisha zikihama, maana nimeitumia mwezi wa nne sasa na kama unafanya kazi inayofanana na yangu naamini itakusaidia.

Kwanza muelewe kwa nini mpangilio wa ikoni kwangu ni kitu kikubwa. Sisi watu wa steshenari desktopu ndio meza. Mteja anatuma CV kwa WhatsApp, mwingine kaja na flashi, mwingine anafungua email yake pale pale, yote hayo yanatua kwenye desktopu kwa sababu huna muda wa kufungua folda ndani ya folda wakati watu sita wamesimama. Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu wangu, upande wa kushoto zinakaa programu zangu, Word, Chrome, ya kuskani, katikati yanakaa mafaili ya watu walioenda kutafuta sahihi na wanarudi, na kulia kabisa ndio foleni yenyewe, wa juu anatangulia, wa chini anasubiri. Sihitaji hata kusoma jina, mkono unaenda wenyewe. Msimu wa maombi ya mkopo ndio usiseme, mtu anaprinti fomu, anaipeleka serikali ya mtaa ikagongwe muhuri, mdhamini anasaini, anarudi jioni tuiskani tuipandishe, na huyo mtu yuko kwenye nguzo ya katikati tangu asubuhi, pale pale nilipomwacha.

Sasa kabla sijaijua DesktopOK nikanunua monita ya mtumba ili mteja aone kazi yake kabla sijaprinti, wazo zuri kabisa, karatasi zinazoharibika zimepungua sana. Lakini kila nikichomeka ile kebo na skrini zote mbili zikaonesha kitu kimoja, laptopu yangu inashuka mpaka 1024 kwa 768. Piga hesabu hapo, urefu umebaki ule ule ila upana umepungua pikseli 342, na hizo zote zinakatwa kulia, yaani pale pale foleni yangu ilipo. Ikoni zilizokuwa kule zinakosa pa kukaa, zinasukumwa kwenye nafasi yoyote iliyo wazi. Ukichomoa kebo mara nyingine zinarudi zenyewe, mara nyingine hazirudi, zinabaki zimechanganyikana na za kushoto.

Siku iliyonifanya nitafute dawa, alikuja kijana mmoja ana usaili Dodoma kesho yake na basi anapanda usiku. CV yake ilikuwa na matoleo mawili, la zamani na alilolirekebisha, majina yanafanana isipokuwa neno mpya mwishoni, na ikoni ikiwa na jina refu mwisho wake hauonekani mpaka uibonyeze. Nimezoea lililo kulia ndio sahihi, kumbe siku hiyo ikoni zilikuwa zimehama. Nikaprinti kopi tatu, nikabana pini, nikampa, akaondoka. Baada ya nusu saa karudi anahema, "dada hii si yenyewe, namba ya simu hapa ni ile niliyopoteza". Nikamwambia samahani sana mdogo wangu, nikamtolea upya bure, akawahi. Lakini usiku sikulala vizuri kwa kweli, nikawa nawaza bahasha yake ingefunguliwa kule Dodoma wakampigia kwa namba ambayo haipo.

Ndipo nikaanza kutafuta. Nilianza na programu ya Fences ya kampuni ya Stardock kwa sababu ndiyo inayotajwa sana, unapewa siku 30 za kujaribu. Ni programu nzuri jamani, nisiwafiche. Unachora visanduku kwenye desktopu, kila kisanduku na jina lake, na unaweza kukikunja kikabaki kichwa tu halafu ukipitisha mausi kinafunguka. Kingine nilichokipenda mno, ukibonyeza mara mbili sehemu iliyo wazi ikoni zote zinapotea, ukibonyeza tena zinarudi. Ila ni ya kulipia, na mimi kwa sasa hela ya softwea inashindana na wino na karatasi, kwa hiyo siku zilipoisha nikaiacha. Mwenye uwezo aichukue tu.

DesktopOK ni ya bure. Inatoka SoftwareOK na nawashauri muidaunlodi kwenye tovuti yao wenyewe, softwareok.com, msihangaike na zile kurasa zenye vitufe vikubwa vya kijani kila kona. Ni faili dogo mno, haimalizi bando, na huna haja ya kuinstoli, unaifungua tu inaanza kazi, mimi nimeiweka kwenye diski D pamoja na vitu vyangu vingine. Ukiifungua muonekano wake ni wa zamani zamani, dirisha lenye orodha na vitufe, usitegemee urembo. Ukibonyeza "Save" inaandika mstari mmoja kwenye orodha, unaona jina, rezolusheni ya wakati ule, yaani ukubwa wa skrini kwa pikseli, na tarehe. Ukibonyeza "Restore" ikoni zinarudi zilipokuwa kwenye mstari uliouchagua. Mimi nina mistari miwili ya kudumu, mmoja nimeuita FOLENI wa skrini ya laptopu peke yake na mwingine MONITA wa ile 1024, humo nimepanga kila kitu kikae ndani ya upana mdogo.

Kuna jambo moja lilinisumbua siku ya kwanza nikadhani haifanyi kazi. Nilikuwa narudisha, ikoni zinakaa sawa sekunde moja, halafu zinajipanga zenyewe tena kushoto. Kumbe kwenye Windows nilikuwa nimeacha ile ya kupanga otomatiki. Bonyeza kulia sehemu iliyo wazi ya desktopu, ingia "View", toa tiki kwenye "Auto arrange icons". Ile nyingine ya kunyoosha kwenye gridi unaweza kuiacha, haina shida. Na angalieni pia, ukishikilia Ctrl huku unazungusha gurudumu la mausi ikoni zinakua au zinapungua ukubwa, msaidizi wangu alikuwa anafanya hivyo bila kujua, mpangilio wote unahama.

Nimeiwasha pia ile ya kusevu yenyewe kila baada ya muda, unachagua mwenyewe ni muda gani, maana foleni ya saa tatu asubuhi si foleni ya saa nane mchana. Hii ndiyo imenisaidia zaidi kwenye kukatika umeme, betri yangu imechoka inazima ghafla, ukiwasha ukikuta zimehama unachukua mstari wa mwisho unarudisha.

Muelewe mipaka yake lakini. Inakumbuka mahali tu, haitunzi faili lenyewe. Ukifuta CV ya mtu, DesktopOK haiwezi kuirudisha, na fundi akiformati diski C desktopu yote inaondoka nayo, hilo lilishanikuta na niliumia sana. Siku hizi mafaili ya wateja yanakaa folda ya diski D na kwenye desktopu naweka shotikati tu, ile yenye kimshale kidogo pembeni, nikiifuta kwa bahati mbaya faili lipo salama. Na inaitambua ikoni kwa jina, kwa hiyo ukibadilisha jina baada ya kusevu, hiyo inakuwa kama mgeni. Nimemfundisha msaidizi wangu, jina kwanza, mahali baadaye.

Halafu kuna hili la siri za watu, nalisema kwa uchungu kidogo. Benchi langu liko nyuma ya kiti changu, wateja wanasoma kila kilichopo kwenye skrini, kitambulisho cha NIDA cha fulani, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa fulani, barua ya kuachishwa kazi. Tangu monita ije ndio wanaona vizuri zaidi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, aibu ya mtu haitakiwi kuwa mapambo ya ukutani. Nikichomeka monita naficha ikoni zote kwanza, pale pale kwenye "View" unatoa tiki ya "Show desktop icons", bure kabisa, haihitaji programu yoyote.

Kwa kazi yangu naipa nane kwa kumi. Mbili nimepunguza kwa sababu ya muonekano na kwa sababu mtu asiyejua Kiingereza atahitaji mtu wa kumuonesha vitufe mara ya kwanza. Mwenye ikoni kumi tu nyumbani haihitaji.

Juzi mama mmoja alitaka aone kwenye monita tangazo la harusi ya binti yake, akarekebisha jina la ukumbi mara mbili, nikaprinti, nikachomoa kebo, ikoni zikawa zimerundikana kushoto kama kawaida. Nikabonyeza "Restore", foleni ikarudi kulia, saba kama zilivyokuwa, na yeye alikuwa bado anatafuta chenji kwenye pochi.