Uzoefu wangu na The Big Sick: mezani kwa mama, kengele ya mlango inapolia

Nimeitazama The Big Sick mara tatu sasa, na kila ninapoizima, mtu anayebaki kichwani mwangu ni mama wa yule kijana, ingawa filamu yenyewe ni ya kijana na mpenzi wake. Ni filamu ya vichekesho iliyotoka mwaka 2017 chini ya uongozi wa Michael Showalter, na waandishi wake ni mume na mke, Kumail Nanjiani na Emily V. Gordon, walioandika kisa kilichowapata wao wenyewe kabla hawajaoana mwaka 2007. Kumail, mzaliwa wa Karachi, anaigiza nafasi yake mwenyewe, na nafasi ya Emily imechukuliwa na Zoe Kazan. Nayataja haya mapema kwa sababu niliyajua kabla ya kuitazama, na kujua kwamba wawili hao wanaishi pamoja hadi leo hakukunipunguzia hamu hata kidogo.

Mwanzo wake ni mwepesi. Kumail anaendesha gari la Uber mjini Chicago, na usiku anapanda jukwaani kuchekesha watu katika klabu ndogo. Siku moja Emily, akiwa miongoni mwa watazamaji, anapiga kelele za kumshangilia katikati ya onyesho, na baadaye Kumail anamfuata kumweleza kwa upole kwamba hata shangwe humkatiza msanii. Neno linazaa neno, anamwandikia jina lake kwa Kiurdu kwenye karatasi, na kabla siku nyingi hazijapita kila mmoja anaapa kwamba hataki uhusiano wa kudumu, huku wote wawili wakizidi kuzama.

Utamu wa filamu, kwa maoni yangu, uko nyumbani kwa wazazi wa Kumail. Kila anapokwenda kula na familia, kengele ya mlango inalia, na mama yake, Sharmeen, anashangaa kana kwamba hamtarajii mtu, kisha anaingia binti wa Kipakistani ambaye eti alikuwa akipita tu jirani. Jambo hilo linarudiwa mara kadhaa, na kila linaporudiwa linachekesha zaidi, kwa kuwa mezani hakuna asiyejua ukweli: baba anajua, kaka yake Naveed na mkewe wanajua, binti mwenyewe anajua, na kila mtu anaendelea kupakua chakula. Zenobia Shroff anaigiza nafasi ya mama kwa namna ambayo sijaiona mara nyingi katika vichekesho vya aina hii. Uso wake una matumaini ya kweli kila mlango unapofunguka. Anamtafutia mwanawe mke kwa bidii ileile ambayo bila shaka alimtafutia shule, na hilo ndilo linalofanya kicheko kisigeuke dharau.

Kumail hamkatalii mama yake, wala hamkubalii. Anapokea picha za mabinti hao na kuzitupia katika sanduku la sigara chumbani kwake. Akiambiwa aende kuswali kabla ya chakula, anashuka chumba cha chini, anatandika mkeka, anaweka saa ya simu ihesabu dakika tano, anajishughulisha na mambo yake, kisha anakunja mkeka na kupanda juu. Kipande hicho ni kifupi na kimenigusa kuliko hotuba yoyote iliyomo ndani ya filamu, kwa sababu kinaonyesha uongo ambao watoto wengi tuliolelewa katika nyumba zenye matarajio makubwa tunaufahamu: uongo unaosemwa kwa heshima, ili mzazi asiumie leo, na ambao kila siku unaongeza ukubwa wa maumivu yatakayokuja.

Kisha Emily analikuta lile sanduku. Anazitoa picha, anaelewa kwamba wakati wote alipodhani wanajenga maisha, mwenzake alikuwa akipokea posa nyumbani, na anamuuliza swali moja la wazi: je, anaweza kuwaona wao wawili wakiishia pamoja? Kumail anajibu kwamba hajui. Mimi niliisimamisha filamu hapo mara ya kwanza nikanywa maji kwanza, maana jibu hilo ni la kweli kabisa na ni la ukatili kabisa. Wanaachana. Muda mfupi baadaye Emily anaugua vibaya, analazwa, na madaktari wanalazimika kumpa dawa za kumweka katika usingizi mzito wakati wanatafuta kinachomshambulia, ambacho mwishowe kinatambulika kuwa ugonjwa wa Still wa watu wazima, hali ambayo kinga ya mwili inawasha moto ndani ya mwili wenyewe. Nilikuwa na wasiwasi kwamba vichekesho vingekufa hapo hospitalini. Badala yake ndipo wanapoingia wazazi wa Emily, Beth na Terry, wanaoigizwa na Holly Hunter na Ray Romano, wakitoka North Carolina na wakijua vizuri jinsi kijana huyu alivyomuumiza binti yao.

Sehemu hiyo ya kati inastahili sifa zake. Beth anamwambia Kumail waziwazi kwamba hahitajiki, lakini haondoki, na siku zinavyopita ukumbini wanazoeana. Usiku mmoja wanakwenda pamoja kwenye onyesho la Kumail, mtazamaji mmoja anamtukana kwa asili yake, na Beth, mwanamke mdogo wa umbo, anamvamia yule bwana kwa hasira ambayo ilinifanya nicheke hadi nikatoa machozi. Hapo niliona ufundi wa waandishi: mtu aliyekataliwa na mama mkwe anatetewa na mama mkwe huyohuyo, huku mama yake mzazi hana habari kwamba yuko mahali hapo.

Ugomvi na wazazi wake ukifika, haukwepwi. Baba anaigizwa na Anupam Kher, mwigizaji mkongwe wa India, naye anacheza kwa utulivu wa mtu ambaye amechoka kusuluhisha. Kumail anawauliza kwa nini walimleta Marekani ikiwa walitaka aishi kana kwamba hawakuondoka Pakistan. Ni swali zito, na filamu nyingine ingemwacha ashinde nalo. Hii haimwachi. Inatufanya tuwaangalie wazazi, watu waliohama na kuacha ndugu na lugha ya mitaani kwao, na sasa wanaambiwa na mtoto kwamba wasidai chochote. Wote wana haki, na kwa hiyo inauma. Mama anamwambia kwamba yeye si mwanawe tena, na hakuna muziki wa kutulainishia neno hilo.

Kasoro zipo, nami nitazisema kwa sababu naipenda filamu hii. Kubwa zaidi ni namna wale mabinti wanaoletwa nyumbani wanavyopitishwa mbele yetu. Mmoja tu, Khadija, anapewa nafasi ya kusema kitu chenye uzito, pale anapomweleza Kumail kwamba anastahili kutendewa vizuri zaidi ya hivi. Wengine wanaingia, wanachekwa kidogo, wanatoka. Kila mmoja wao alivaa, akajiandaa, akaja na tumaini lake, na ningefurahi kama filamu ingekaa nao dakika chache zaidi. Vilevile Emily analala muda mrefu mno katika kisa ambacho ni chake pia, na Zoe Kazan ni mzuri kiasi kwamba unauona upungufu wake kila anapokosekana. Filamu ina saa mbili, na robo yake ya mwisho ingeweza kukazwa. Hata hivyo naipa nyota nne kati ya tano bila kusita, na sikushangaa kwamba mwaka 2018 iliteuliwa kuwania Oscar ya hati bora ya filamu iliyoandikwa moja kwa moja kwa ajili ya skrini. Mwenye watoto wadogo asubiri walale kwanza, kwani ina matusi na maneno ya chumbani.

Mara ya tatu niliitazama na mama yangu, ambaye hafuati Kiingereza cha haraka, hivyo nilikuwa namtafsiria. Nilidhani atavutiwa na mapenzi ya wale wawili. Yeye alimfuata Sharmeen tangu mlango wa kwanza ulipofunguka, na mama huyo alipomkataa mwanawe, mama yangu alikaa kimya muda mrefu, mikono mapajani. Karibu na mwisho Kumail anapakia mizigo yake kuhamia New York. Baba anakuja kumuaga. Mama amebaki ndani ya gari, hashuki, hageuzi uso. Baba anamkabidhi kijana chombo cha biriani aliyoipika mama yake.

Nilimweleza mama kwamba Sharmeen bado ana hasira, ndiyo maana hashuki garini.

"Naona," akasema. "Lakini amempikia."

Akaniomba nirudishe nyuma kidogo, tukaangalia tena pale baba anaponyoosha mkono na chakula, na mama yule aliye ndani ya gari.