Kipima oksijeni cha kidoleni, baada ya miezi minne na Mama

Nilikinunua duka la dawa mjini, shilingi 45,000, Mama alipolazwa mara ya pili. Amebanika samaki kwa moshi hapa Igombe tangu sijazaliwa, na mapafu sasa yameanza kumdai.

Ni kidude kama kibanio cha nguo, kinakula betri mbili ndogo. Kinatoa namba mbili, na muuzaji hakunieleza ipi ni ipi. Siku ya kwanza jirani aliona 72 akakimbilia kuita bajaji. Kumbe ni mapigo ya moyo! Oksijeni ya damu ilikuwa asilimia 94. Mtu mzima mwenye afya huwa 95 kwenda juu; chini ya 90, usingoje kuche.

Kina visirani vyake. Upepo wa ziwa ukivuma alfajiri na vidole vikapoa, kinashusha namba ovyo, mpaka nimsugue mikono. Mama aliporudi harusini na piko kucha zote za mikono, kilisoma 85 huku yeye anaimba. Tukahamia kidole cha mguu, 93. Mwanangu naye alinitoa roho: ulimi na midomo ya buluu! Kidoleni 98. Alikuwa amekula zambarau.

Lakini usiku mmoja kilisema 91, nikataka kurudi kulala. Mama alikuwa anakata maneno mawili mawili, "Nipe maji... mwanangu... dirisha." Nikaita bajaji. Kule nesi hakuanza na mashine. Alimpindua mdomo wa chini, akamulika kwa tochi ya simu: ufizi rangi ya majivu, umeingia ubuluu. Usoni, kwa weusi wetu, sikuwa nimeona kitu.

"Damu iliyokosa oksijeni huwa nyeusi-nyeusi," aliniambia. "Kwetu sisi itafute kwenye ufizi, ulimi na kucha. Mwenye upungufu wa damu anaweza asibadilike rangi kabisa. Na hako kamashine, kwenye ngozi nyeusi, wakati mwingine kanapandisha namba kuliko ukweli." Kipimo cha damu kilimuunga mkono: oksijeni ilikuwa chini ya ile 91 yangu.

Bado nakitumia, asubuhi na jioni, nikishamaliza kumpindua Mama mdomo. Analalamika kwamba namkagua kama sato wa mnadani.

Nyota tatu. Ningetoa nne, ila mfuniko wa betri ulivunjika wiki ya pili, naufunga kwa mpira wa noti.