Gunzi au pini za stenlesi? Uzoefu wangu wa kung'arisha brasi hapa Mbeya

Nafufua vifaa vya brasi, ule mchanganyiko wa shaba na zinki: koki za maji, valvu, makufuli ya zamani, jeti za kabureta za pikipiki (vile vipande vyenye kitundu cha kupitishia petroli). Vingi hufika vikiwa vyeusi au vimeota ile kutu ya kijani, na kuvisugua kimoja kimoja kwa brashi ya waya ni kazi inayomaliza siku na vidole. Ndiyo maana nilinunua mashine ndogo ya kuzungusha, yenye pipa la mpira na mota pembeni. Mashine sina neno nayo. Inazunguka taratibu, haipigi kelele za kuudhi majirani, na mfuniko wake haupitishi maji. Ila wanaoniulizia huuliza bei ya mashine tu, wakati kinachoamua kazi itokeje ni kile unachokijaza ndani ya pipa kisuguane na vyuma.

Wanaolijua sana jambo hili ni wapiga shabaha wa Marekani, wale wanaokusanya maganda ya risasi na kuyajaza upya. Ganda la risasi ni brasi ya shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, na likirudi kwenye mtambo wa kulinyoosha likiwa na mchanga, linakwaruza chuma cha mtambo. Kwa hiyo wamejaribu kila kitu: maganda magumu ya kokwa za walnut yaliyosagwa, pini za stenlesi, na magunzi ya mahindi. Magunzi! Watu wanayanunua kwenye mifuko, sisi huku Uyole na Mbalizi tunayachomea moto.

Gunzi ndilo ninalolipenda kuliko vyote, lakini lina masharti. Ukilivunja gunzi katikati utaona sehemu tatu: moyo laini kama sponji, pete ngumu ya mti inayouzunguka, na makapi ya nje. Kinachosugua ni ile pete tu. Moyo na makapi ni vumbi. Mimi huyaanika magunzi mpaka yakatike kwa sauti, nayapeleka kwenye mashine ya kuparaza chakula cha mifugo (ya unga wa sembe hawatakubali, na wana haki), kisha napepeta kwa ungo. Makapi yanaruka, chenga nzito zinabaki. Halafu nachekecha mara mbili, kwa wavu mpana kutoa mapande, na kwa wavu wa dirishani kutoa unga.

Ukubwa wa chenga usiuchukulie poa. Zikilingana na tundu la kitu unachosafisha, zinakwama humo na utazichokonoa kwa sindano moja moja. Kwa koki za nusu inchi chenga kubwa hazina shida. Kwa jeti za kabureta sitii gunzi kabisa, maana kile kitundu kikiziba kidogo tu pikipiki haivuti.

Kabla ya kuweka vyuma, natia kifuniko kimoja cha polishi ya gari na kuacha pipa lizunguke na gunzi tupu hadi mabonge yaishe. Nikisahau hatua hii, polishi inaganda ndani ya nyuzi za skrubu. Kipande cha tishu ya jikoni kilicholowanishwa kidogo kinanasa vumbi vizuri sana. Asubuhi brasi inatoka na mng'ao wa joto, laini, unaodumu, kwa sababu polishi imeacha utando mwembamba juu yake.

Pumba za mpunga nazo nimezijaribu, kwa kuwa za Kyela na Usangu zinapatikana kwa wingi. Siwashauri. Ni nyepesi mno, zinaelea juu ya vyuma badala ya kuvisugua, na vumbi lake lina silika ambayo sitaki iingie kifuani.

Pini za stenlesi ni habari nyingine. Hizi ni vijiti vyembamba vya unene wa milimita moja na kidogo, vinazunguka pamoja na maji, sabuni ya vyombo na chembe ya asidi ya sitriki ya unga, ile wanayotumia watengeneza juisi na jamu. Zinaingia hadi ndani ya nyuzi na pembe ambazo gunzi halifiki. Koki iliyokaa ardhini miaka inatoka ndani na nje kama mpya. Lakini asidi iwe chembe kweli: ikizidi, zinki inatoka kwenye uso wa brasi na kitu kinageuka cha waridi, kwa kuwa kilichobaki juu ni shaba. Kukausha nako ni mtihani. Juni na Julai hapa Mbeya, baridi na ukungu vinafanya brasi ianze kupata madoa ikiwa bado ina maji, hivyo naifuta kwa kitambaa na kuiweka karibu na jiko la mkaa.

Kitu kimoja nakisisitiza: polishi au sabuni yenye amonia isikaribie brasi. Wanajeshi wa Uingereza kule India waliona maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, na chanzo kilikuwa amonia ya mkojo wa wanyama. Valvu ya maji yenye mkazo ndani ya brasi yenyewe inaweza kupasuka vivyo hivyo.

Brasi nyingi za koki zina risasi kidogo, ile metali, ili zikatike vizuri kwenye mashine. Vumbi la gunzi lililotumika linaibeba, nayo ni sumu. Navaa barakoa, nachekechea nje, na ungo wa karakana haurudi jikoni. Jirani aliniomba gunzi langu lililochakaa atandike bandani kwa kuku wake. Nilimkatalia, nikamfungia la kwenye gunia ambalo halijaingia kwenye pipa.