STI au Evo? Mwongozo kwa anayetaka gari moja la kazini na la uwanjani

Nianze na jibu, maana anayesoma mwongozo kama huu mara nyingi pesa anazo tayari na muuzaji anampigia simu kila asubuhi. Ukitaka gari moja la milango minne, likupeleke kazini Jumatatu na likimbie kwenye uwanja wa mbio Jumamosi, nunua Subaru WRX STI ya soko la Japan yenye injini ya lita 2.0, ile ambayo namba ya chasisi inaanza na VAB. Mitsubishi Lancer Evolution X naiweka ya pili. Naiweka hapo kwa moyo mzito, kwa sababu kwenye kona Evo ni gari bora zaidi. Kinachoirudisha nyuma ni pampu, spea, matumizi ya kila siku na umri.

Ushindani wa magari haya watu wa Afrika Mashariki tumeuona vumbi likitupiga usoni. Kati ya 1996 na 2001 Mitsubishi ilichukua Safari Rally mara tatu, mbili kwa Tommi Mäkinen na moja kwa Richard Burns. Subaru ikachukua mara mbili, kwa Colin McRae mwaka 1997 na kwa Burns huyohuyo mwaka 2000. Ndiyo maana hadi leo kijana wa Nakuru au Arusha anakuwa upande mmoja kabla hata hajajua kuendesha. Lakini pesa ni zako, na ushabiki haulipi fundi.

Kwenye karatasi hazijaachana

Evo X ya Japan, kuanzia mwishoni mwa 2008, ina nguvu za farasi 300. STI VAB ina 308. Nguvu ya kusokota ni ileile kabisa, Nm 422. Tairi ni saizi moja, 245/40 rimu 18. Zote zina breki za Brembo, zote zinavuta kwa magurudumu yote manne, na usukani wa zote mbili bado ni wa haidroli, kwa hiyo mikono yako inapata habari za barabara. STI ina gia sita za mkono, Evo X ya toleo la GSR ya mkono ina tano. Muuzaji akianza kukuhesabia farasi, mwache amalize halafu muulize habari za oili.

Kwenye kona

Difu ya nyuma ya Evo ina mfumo wa AYC, unaopeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu la nyuma lililo upande wa nje wa kona. Ukiingia kona umezidisha mwendo kidogo, pale ambapo gari jingine lingeanza kupeleka pua nje, Evo unaisikia ikijipinda kurudi ndani. Inakusamehe. Dereva wa kawaida atapata muda mzuri zaidi ndani ya Evo kuliko ndani ya STI, na sioni haja ya kubishana juu ya hilo.

STI inataka uipange. Funga breki mapema gari likiwa limenyooka, geuza, subiri pua ishike, kisha ndipo ukanyage mafuta. Ukikosea mpangilio huo inateleza kwenda mbele na kukuonyesha kosa lako. Ina DCCD, swichi ndogo kando ya gia inayokuruhusu kuchagua difu ya kati ifunge kwa kiasi gani. Ukiilegeza, nguvu zaidi zinaenda nyuma na mkia unaanza kusaidia kugeuka. Kwa anayetaka kujifunza kuendesha kwa kweli, STI inafundisha zaidi.

Kwenye joto Evo inashinda tena. Intakula ya STI, yaani kipoza hewa ya turbo, imelala juu ya injini, chini ya ule mdomo wa boneti. Gari likitembea, hewa inapita vizuri. Likikwama kwenye foleni ya Mombasa au Dar saa nane mchana, joto la injini linapanda na kuipasha intakula yenyewe, na ukifunguliwa njia unakanyaga unakuta gari limelegea mpaka lipate upepo. Ya Evo iko mbele, nyuma ya bampa, mahali pa kupata hewa baridi muda wote.

Kwa nini basi STI?

Kwanza ni pampu. AYC niliyoisifu hapo juu inaendeshwa na pampu ya haidroli, na kwenye Evo X pampu hiyo imewekwa nyuma, karibu na gurudumu la kulia, mahali ambapo maji na matope vinaifikia. Kwenye nchi yenye masika na barabara za murram, inapata kutu na kufa. Ikifa, dashibodi inaandika kwamba mfumo wa S-AWC, unaogawa nguvu kwenye magurudumu yote manne, unahitaji huduma, na kuanzia hapo unaendesha gari zito linalovuta kwa magurudumu manne lakini lisilo na kile ulichokilipia. Pampu mpya ni ghali mno, na ya mtumba ina hatari ileile.

Pili ni spea. Injini ya STI, EJ20, iko ukoo mmoja na zile zilizomo kwenye Forester za turbo, Legacy na Impreza zilizojaa mitaani. Nairobi utapata fundi aliyeifungua mara nyingi, na maduka ya Kirinyaga Road yana vitu vyake. Kariakoo ya Dar na Kisekka ya Kampala pia hukosi cha kuanzia. Injini ya Evo X, 4B11, ni nzuri na inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, lakini bodi ndiyo shida: boneti, fenda za mbele na paa ni za aluminiamu na ni za Evo peke yake. Ukigongwa kidogo mbele, utakaa wiki nyingi ukingoja kontena.

Tatu ni matumizi ya kila siku. Viti vya nyuma vya Evo X havilali, na sehemu ya buti imechukuliwa na betri. VAB viti vyake vinalala, na seti ya tairi za uwanjani inaingia ndani ya gari. Mtu anayeendesha mwenyewe hadi kwenye mashindano na kurudi nyumbani atalijua hili mara ya kwanza tu.

Oili, ugonjwa wa STI

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu STI nyingi zinazouzwa bei ya kutupa zimeuawa na jambo hili moja.

Injini ya Subaru imelala ubavu, silinda mbili kila upande. Hilo linashusha uzito wa gari chini, na ndilo linalolifanya litulie. Lakini kwenye kona ndefu ya kasi, oili inakimbilia upande mmoja na bomba la kunyonyea lililo ndani ya sampu, karai la oili chini ya injini, linaweza kubaki na hewa. Beringi za kranki zikikosa oili kwa muda mfupi tu, kazi imekwisha: unasikia mgongano wa chuma kwa chuma kutoka chini, mafundi wanasema injini imenoki, na unaanza kutafuta nyingine. Tena bomba lenyewe la kiwandani linajulikana kwa kupasuka kwenye maungio yake. Usiende uwanjani kabla hujalibadilisha kwa lile lililoimarishwa, na ukiweza weka sampu yenye vizuizi ndani. Oili iwe kwenye alama ya juu, si katikati. Kila ukitoka kukimbia, zima, subiri, chomoa kijiti uangalie. EJ20 hula oili, hasa ikisukumwa.

Jambo la pili ni mafuta. Gari la Japan limepangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida ni oktani 100. Yetu haifiki hapo. Mafuta yakiwa dhaifu yanalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na pistoni ndizo zinazoumia. Peleka gari kwa mtu mwenye dyno, mashine ya kupima nguvu za gari, na mtambo wa kusoma kompyuta ya gari, alipange kwa petroli unayonunua kila siku. Hili linaihusu Evo pia, na ni pesa ya kutumia kabla ya rimu, kabla ya ekzosi, kabla ya kitu chochote kinachong'aa.

Mpangilio wangu

Ya kwanza, VAB ya 2014 hadi 2019. Kuanzia katikati ya 2017 Subaru iliweka breki kubwa zaidi za mbele na rimu 19. Breki ni nzuri sana, ila ukuta wa tairi ni mfupi na mashimo yetu hayana huruma. Kama nyumbani kwako lami inaishia njiani, tafuta yenye rimu 18.

Ya pili, Evo X GSR ya gia za mkono. Kama kwako uwanja ni mkubwa kuliko kazi, na una gari jingine la kubeba watoto, igeuze iwe ya kwanza. Sitakupinga.

Ya tatu, Evo IX, chasisi CT9A. Hii ina injini ya 4G63 yenye bloku ya chuma, ngumu kupita zote zilizotajwa hapa, na gari lenyewe ni jepesi kuliko Evo X kwa zaidi ya kilo mia moja. Ila mpya kabisa katika hizo ni ya 2007. Nyingi zimeshakimbizwa rally, zikagonga, zikarudishwa barabarani. Nunua kama una fundi wa kwako na subira.

Ya nne, STI za lita 2.5, ambazo ni zile zilizotoka Uingereza na zile za A-Line zenye gia otomatiki. Mtaani zinavuta vizuri tangu chini, na A-Line ni gari tamu la safari ndefu. Uwanjani pistoni zake hupasuka kwenye kuta za ringi, hasa pale mwenyewe alipoongeza msukumo wa turbo bila kupanga mafuta. Tanzania kuna hesabu nyingine pia: kuvuka cc 2,000 kunakupandisha daraja la ushuru wa bidhaa, wakati EJ20 yenye cc 1,994 na 4B11 yenye cc 1,998 zinabaki chini ya mstari.

Ya mwisho, Evo X yenye gia za SST, zinazojibadilisha zenyewe kwa klachi mbili. Barabarani inabadilisha gia vizuri ajabu. Uwanjani sanduku la gia linapata joto na kompyuta inalipunguza nguvu ili lijiokoe, na ukarabati wake ni wa kuumiza mfuko.

Usiuziwe sura

WRX S4 inafanana na STI kwa nje kiasi kwamba watu wanalipa bei ya STI wakaondoka na S4. Fungua boneti usome bati la chasisi: VAB ni STI, VAG ni S4, na S4 ina gia za CVT, otomatiki isiyo na hatua. Si gari baya kwa mtaani, ila usiipeleke uwanjani. Upande wa pili, Galant Fortis Ralliart, ndugu mdogo wa Evo X kutoka Mitsubishi, hubandikwa nembo za Evo. Evo X halisi ni CZ4A.

Nenda kuliona gari asubuhi injini ikiwa baridi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa kiganja kwanza. Ikiwa na joto, kuna kitu ameficha. Washa, sikiliza kutoka chini. Lipia kipimo cha mgandamizo kwa silinda zote nne, na kwenye Subaru angalia zaidi namba nne, maana ndiyo inayoanza kuumwa mara nyingi. Kwenye Evo, chungulia nyuma ya gurudumu la kulia kwa tochi utafute kutu na majimaji. Gari likiwa linatoka Japan, dai karatasi ya mnada yenyewe, si picha iliyokatwa. Daraja R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa.

Kabla ya kwenda uwanjani

Hatuna saketi ya lami ya kiwango cha Kyalami ya Afrika Kusini. Kukimbia kwetu ni mashindano ya muda kwenye barabara zilizofungwa, autocross (mbio fupi za muda uwanjani), na viwanja vidogo. Huko breki zinachoka kabla ya injini. Badilisha pedi na mafuta ya breki kwa yale yanayovumilia joto, vaa helmeti inayokubaliwa na waandaaji, na soma bima yako: bima nyingi za kawaida hazilipi chochote kilichotokea mashindanoni. Thika Road usiku si uwanja. Kuna watu wanarudi nyumbani pale.

Saa inakimbia

Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu usajili wa kwanza, na hesabu inakwenda kwa mwaka. Subaru iliacha kupokea oda za STI ya Japan mwishoni mwa 2019, ikaaga kwa magari 555 ya EJ20 Final Edition. Kwa hiyo VAB iliyosajiliwa 2019 mwisho wake kushuka Mombasa ni Desemba 2026. Evo X mlango umeshafungwa. Zilizopo nchini ndizo hizo. Uganda inakataa gari lililofika miaka 15, hivyo Evo X za mwisho bado zina nafasi huko. Tanzania inaruhusu, lakini inatoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu, na kwa Evo X hesabu hiyo uifanye kabla hujamtumia muuzaji hata shilingi moja.