Cheo cha EUR ING: kina thamani, lakini si leseni

Kwa mhandisi anayehamahama barani Ulaya, cheo hiki cha EUR ING (Mhandisi wa Ulaya), kinachotolewa na Engineers Europe (zamani FEANI), shirikisho la vyama vya wahandisi vya Ulaya, kinastahili jasho lake. Hesabu ni miaka 7 baada ya sekondari: angalau 3 ya chuo kikuu, angalau 2 ya kazi, na 2 iliyobaki hujazwa kwa masomo, mafunzo au kazi. Maombi hayaanzii Brussels, kwenye makao makuu ya shirikisho hilo. Pitia chama chako cha wahandisi, kamati ya nchi iyakague kwanza. Panapokwamisha ni maelezo ya kazi: ukitaja vyeo na miradi tu, mkaguzi haoni ulichobuni, ulichokokotoa wala ulichowajibika nacho. Na pale uhandisi unapolindwa kisheria, kama Italia, bado utahitaji kibali cha nchi husika.